Bimkubwa kaniuliza "mbona hatuondoki?" tuko 160 kwa saa. Kwa nini kasi ya SGR haisikiki mwilini?

#1 Mwana_Mgeta (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Ijumaa nimemrudisha bimkubwa Morogoro. Alikuwa Dar wiki nzima kwa ajili ya macho, katoka huko na dawa za matone na miwani myeusi, kaambiwa akwepe mwanga mkali. Nikaona basi litamtesa, nikakata tiketi mbili za SGR, ile treni ya reli mpya, daraja la kawaida, 13,000 kila mmoja.

Huyu mama reli anaijua. Miaka ya themanini alikuwa anateremsha karoti na kabichi kutoka Mgeta, anapakia Moro stesheni ya zamani, anazifuata Dar. Treni anaijua kwa kiuno na mgongo.

Tumekaa, treni ikatoka taratibu juu ya lile daraja refu la mjini, tukapita Pugu. Yeye kafumba macho nyuma ya miwani, mkono wake uko juu ya wangu. Nikafungua programu ya GPS kwenye simu: 140, 152, 158, ikatulia 160. Tuko maeneo ya Ruvu, mama akanibana mkono: "Baba, mbona hatuondoki? Wanasubiri nini?"

Nikamwambia mama, tunakimbia, Dar tumeshaiacha mbali. Hakuniamini. Akamuuliza dada wa kiti cha pili, naye akamthibitishia. Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi hii imenibeba kama mtoto aliyelala."

Nami nikafumba macho nijaribu. Kweli kabisa, sikuweza kusema tunakwenda au tumesimama. Kwenye basi ukiwa 80 tu unajua. Kwenye hii uko 160 na mwili hauna habari. Nini kinafanyika? Naomba wenye ujuzi waeleze, nataka nikamweleze mama kwa lugha yake.

#2 Mtaa_wa_Pili

Uzi mzuri. Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

#3 Fundi_Kokoto

Jibu liko chini ya miguu yenu. Reli ya zamani ni vipande vilivyofungwa kwa boliti, na kila kiungo kina upenyo mdogo ili chuma kipate pa kutanukia jua likiwaka. Gurudumu likivuka ule upenyo ndiyo ile *taka-taka, taka-taka* aliyoizoea mama yako. Reli ya SGR imechomelewa ikawa kitu kimoja, kilomita na kilomita. Gurudumu halina pa kujikwaa.

Ongeza mataruma ya zege, tuta la kokoto nene lililosawazishwa kwa mashine, na upana wa reli wa milimita 1,435 badala ya 1,000 ya zamani. Behewa linasimama kwa miguu iliyotanuka, haliyumbi. Mwambie mama: ile ya zamani ilikuwa ngazi, hii ni sakafu.

#4 Mwalimu_wa_Zamu

#3 amegusa nusu. Mimi nafundisha fizikia na swali hili hunipa raha.

Mwili wa binadamu haujaumbwa kusikia mwendo. Unasikia mabadiliko ya mwendo. Treni ikiongeza kasi, kiti kinakusukuma mgongoni. Ikifunga breki, unasukumwa mbele. Ikikata kona, unaegemea upande. Ikishatulia 160 kwenye njia iliyonyooka, hakuna nguvu mpya inayokugusa, na kwa mwili wako hiyo ni sawa na kukaa sebuleni.

Mfano mmoja: hapo ulipo, dunia inakuzungusha kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, maana tuko karibu na ikweta. Umesikia chochote leo?

160 kwa saa ni mita 44 kila sekunde. Uwanja wa mpira wa mita 105 unaumaliza kabla ya sekunde 3. Lakini kwa mama aliyefumba macho, hesabu hiyo haina njia ya kumfikia.

#5 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

Nakazia #4 kwa upande wa mwili. Ndani ya sikio kuna mirija mitatu midogo ya nusu duara yenye majimaji, hiyo ni ya kuzunguka. Kuna pia vijifuko viwili vyenye chembe nzito kama mchanga juu ya vinyweleo, hivyo ni vya kwenda mbele, nyuma, juu na chini. Chembe zikibaki nyuma wakati kichwa kinakwenda mbele, vinyweleo vinapinda na ubongo unajua. Mwendo ukishakuwa mmoja, vinyweleo vinarudi wima.

Mama mpe pole ya macho. Matone afuate saa aliyoambiwa.

#6 Kimara_Mwisho

Wakuu naomba kurekebisha jambo. Watu wengi wanaiita treni ya mwendokasi, lakini kwa vigezo vya shirika la kimataifa la reli, mwendokasi ni kuanzia 250 kwa njia mpya, au 200 kwa njia ya zamani iliyoboreshwa. Ya kwetu ni 160. Japani walianza 1964 na 210 kwa saa. Kwa hiyo pengine mama hakusikia kitu kwa sababu kasi yenyewe si ya kusikika.

#7 Mpanda_Boda_Kihonda

@Kimara_Mwisho wewe mwendokasi wako ni mabasi ya Kimara hadi Gerezani, hilo jina mmelishika tangu 2016 hamtaki kuligawa 😀 Sisi wa Moro tunaiita SGR, na ile yenye pua ndefu tunaiita mchongoko. Inatosha.

#8 Abu_Safari

#6, hoja yako ya kasi ndogo haisimami, ndugu yangu. Mwaka jana Mungu alinijalia umra. Kutoka Makka kwenda Madina tulipanda treni ya Haramain, inafika 300 kwa saa. Hiyo ni karibu mara mbili ya yetu. Wallahi nilisikia kidogo kuliko Dar–Moro. Jangwa pande zote, hakuna mti wala nyumba ya kukupa kipimo, chai kwenye kikombe imetulia. Mzee wa kundi letu alilala kabla hatujaiacha Jidda.

Kwa hiyo si kwamba 160 ni ndogo. Kuna jambo jingine.

#9 Mwana_Mgeta

Asanteni sana. #3 ile ya ngazi na sakafu nimempigia mama nikamwambia, amecheka, kasema "huyo fundi kanielewa."

Ila @Mwalimu_wa_Zamu nina swali. Basi likiwa 80 kwenye lami nzuri ya Chalinze, njia imenyooka, dereva hajagusa breki, mbona nasikia kwamba tunakwenda? Mwendo si mmoja pia?

#10 Mwalimu_wa_Zamu

Swali la haki. Basi linakwenda mbele kwa mwendo mmoja, lakini linarukaruka juu na chini mara nyingi kila sekunde, na injini inatikisa sakafu. Unachosikia ni ile mitikiso, na ubongo umejifunza kwamba mitikiso ikiwa mingi, basi linakimbia. Ukiondoa mitikiso, umeondoa ushahidi.

#11 Fundi_Kokoto

Yaani umerudi kwenye reli yangu. Nashukuru.

#12 Mwalimu_wa_Zamu

😀 Nimekubali nusu.

#13 Pwani_Asilia

Salaam kutoka Mombasa. Na injini je? Hilo hamjaligusa. Sisi huku Madaraka Express, SGR ya Kenya, yavutwa kwa dizeli, na imekuwa yenda tangu 2017. Behewa la kwanza nyuma ya kichwa wasikia mngurumo, hasa ikipanda kutoka Miritini kuelekea Mazeras na Mariakani. Yafika 120 tu, na yachukua kama saa tano njiani mpaka Syokimau, stesheni ya Nairobi. Lakini Nairobi ni karibu kilomita 470, msilinganishe na Moro yenu.

Yenu ni ya umeme, haina mlio wa injini. Masikio yakikosa mngurumo, mtu hujiona yuko nyumbani. Mimi naona siri ni umeme.

#14 Dodoma_Kila_Wiki

#13 ana hoja. Napanda Dar–Dodoma karibu kila Jumatatu. Treni ya kuvutwa na kichwa na ile mchongoko hazifanani. Mchongoko mota zake ziko chini ya mabehewa yenyewe, kwa hiyo kuna mvumo mwembamba chini ya miguu. Ile ya kuvutwa, kichwa kiko mbali mbele, behewa la katikati limekaa kimya kabisa. @Mwana_Mgeta mlipanda ipi?

#15 Mwana_Mgeta

Ya kuvutwa. Tulikuwa behewa la kati.

#16 Dodoma_Kila_Wiki

Basi hapo ndipo penye kimya chenyewe.

Kama mama anataka kusikia kitu, mpeleke hadi Dodoma. Mkishapita Kilosa kuna mahandaki manne. Treni ikiingia, masikio yanaziba pop! Hapo hata aliyelala anaamka. Ni hewa iliyobanwa kati ya treni na ukuta wa handaki.

#17 Mzee_wa_Gulwe

@Dodoma_Kila_Wiki mwanangu, masikio kuziba siyo handaki peke yake. Dar ni usawa wa bahari, Moro ni kama mita 500, Dodoma inapita mita 1,100. Unapanda mlima kwa saa chache. Mimi masikio huniziba hata kabla ya handaki la kwanza. Meza mate au tafuna kitu.

#18 Dodoma_Kila_Wiki

Shikamoo mzee. Kama ni kupanda tu, basi yangeziba polepole. Yangu yanaziba ghafla, mlangoni mwa handaki, na yanazibuka tukitoka.

#19 Mzee_wa_Gulwe

Marahaba. Basi wewe una masikio ya handaki, mimi nina masikio ya mlima.

Lakini niseme langu kuhusu huyo mama, maana nadhani tumemwacha. Sisi tuliokulia kando ya reli ya kati tulijua safari kwa watu, hatukuijua kwa kasi. Treni ikisimama Kidete unasikia "ndizi, ndizi!" Ikifika Gulwe unasikia nyama ya kuchoma inapita dirishani, mikono inaingia na vikapu, mtoto anakimbia na treni akidai chenji yake. Usiku hujaamka, lakini harufu imekuambia uko wapi. Wajerumani waliifikisha reli ile Morogoro mwaka 1907 na Kigoma 1914, na kwa miaka mia moja stesheni ndizo zilikuwa saa yetu.

Hii mpya madirisha hayafunguki. Ndani kuna ubaridi wa mashine, nje kuna uzio. Mama kafumba macho, hakuna harufu, hakuna sauti ya mtu akiuza, hakuna vumbi. Angejuaje kwamba anaondoka? Kwake, kuondoka ni kuona mahali pamoja panaisha na pengine panaanza. Hakupewa hata dalili moja ya hizo.

Msinielewe vibaya, naipenda. Mjukuu wangu alitoka Dodoma asubuhi, akafanya mtihani wa mahojiano Dar, akarudi kulala kwake. Zamani hiyo ilikuwa safari ya siku tatu na mkeka.

#20 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

#19 mzee umenitoa machozi. Bibi yangu alikuwa anauza mayai ya kuchemsha Kilosa stesheni.

#21 Kimara_Mwisho

Mzee shikamoo, umesema vizuri. Mimi nirudi kwenye muda, maana kasi bila muda haina faida. Dar hadi Moro treni ni kama saa 1 na dakika 40. Sawa. Lakini mimi wa Kimara niteremke hadi katikati ya mji, nifike mapema kwa ajili ya ukaguzi wa mizigo na kitambulisho, nishuke Kihonda, nichukue boda au bajaji hadi mjini. Basi napandia hapo Mbezi, natelemkia Msamvu. Jumlisha mlango kwa mlango, tofauti inakuwa ndogo sana.

#22 Mpanda_Boda_Kihonda

Boda Kihonda hadi mjini haikuchukui hata robo saa, njoo nikupeleke mwenyewe. Na hiyo hesabu ya basi umesahau Kibaha, Mlandizi na foleni ya malori. Wateja wangu wa basi hawajui watafika saa ngapi. Wateja wangu wa treni wananipigia kabla: "nitafika saa fulani, nisubiri." Na nikienda nawakuta.

#23 Mama_Gongolamboto

Jamani, anayekaa Gongo la Mboto, Pugu, Chanika asiende mjini kabisa. Pandia stesheni ya Pugu. Si treni zote zinasimama, angalia kwenye ratiba kabla ya kukata. Mimi nikimpelekea mwanangu mahitaji ya chuo, SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Moro, natoka nyumbani saa moja asubuhi, saa nane mchana niko jikoni kwangu napika.

Kuhusu kutosikia kasi: mimi nasikia! Nikikaa kiti kinachotazama nyuma, kichwa kinauma na tumbo linapanda. Nikitazama mbele, hakuna kitu. Wataalamu semeni hapo.

#24 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

@Mama_Gongolamboto ni macho na masikio kutokubaliana. Macho yanasema "tunarudi nyuma," sikio la ndani linasema "tumetulia," tumbo linaingilia ugomvi. Tazama mbali kwenye vilima, usitazame kokoto. Na usisome simu.

#25 Abu_Safari

Hapo @Nesi ndipo nilipokuwa naelekea. Macho. Kwenye basi, miti na watu wako mita mbili kutoka kioo chako, wanapita *fyu fyu fyu*. Kwenye SGR njia imetengwa, kuna uzio, kitu cha karibu kiko mbali, na treni iko juu ya tuta. Kitu kilicho mbali hupita polepole hata ukienda kasi. Jangwani ni zaidi.

#26 Fundi_Kokoto

Lakini mama alikuwa amefumba macho, Abu Safari.

#27 Abu_Safari

Kweli. Nimesahau. Nitafikiri tena.

#28 Mwinyi_wa_Ng'ambo

Zanzibar hapa. Nyinyi wa bara mnatamba na reli leo, sisi tulikuwa nayo tangu 1905, kutoka mjini hadi Bububu. Na jina Bububu lenyewe limetokana na sauti ya ile treni, *bu-bu-bu*. Treni ile ilisikika mpaka ikapa mahali jina! Hii yenu haisikiki hata ndani.

#29 Tanga_Raha

Heshima zako Mwinyi, ila reli bara ilianzia Tanga 1893, ikafika Muheza 1896. Tulieni kwenye foleni 😀

Na hiyo ya jina naomba urekebishe. Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alikaa Bububu kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866. Treni imekuja karibu miaka 40 baadaye. Jina lilikuwepo. Wengine husema ni sauti ya chemchemi ya maji.

#30 Mwinyi_wa_Ng'ambo

Ya chemchemi nimeisikia, ndiyo. Babu yangu alisema treni na sitaki kumwangusha babu, lakini kwa hesabu ya miaka umenishinda.

#31 Mwalimu_wa_Zamu

Turudi Morogoro. @Mwana_Mgeta, mama atarudi kliniki? Kama atarudi, nina ombi. Chukua uzi, funga ufunguo, ushike mbele yako kiwiko kikiwa juu ya meza au goti. Ukiinama kuelekea nyuma, treni inaongeza kasi. Ukiinama mbele, inapunguza. Ukining'inia wima, mwendo ni mmoja au mmesimama. Mama afumbe macho na aseme anachosikia, wewe linganisha na ufunguo. Tutajua kama mwili wake unasikia zaidi ya ufunguo au la.

#32 Fundi_Kokoto

Na aegemeze kichwa kwenye ukuta wa behewa, asiegemee kiti pekee. Kiti kina sponji, kinameza mtikiso.

#33 Kijana_wa_Signali

Nyongeza: wengi wanategemea kusikia mshtuko mkipishana na treni nyingine kwa kasi. Hautakuja. Njia kuu yetu ni moja, treni zinapishana penye njia za pembeni, moja inasubiri. Mkisimama mahali na hakuna anayeshuka, mara nyingi ndiyo sababu.

#34 Mtaa_wa_Pili

Siyo ngedere? Mnakumbuka 2024 shirika la reli lilipoeleza ngedere na bundi walivyoleta hitilafu kwenye umeme wa njia?

#35 Kijana_wa_Signali

Ngedere ilikuwa kweli na ndiyo maana uzio na ukaguzi wa waya si wa mapambo. Treni ya umeme inakula kilovolti 25 kutoka juu. Mnyama akigusa waya na nguzo kwa pamoja, mfumo unajizima wenyewe ili usiungue. Lakini si kila kusimama ni ngedere.

#36 Mwana_Mgeta

Wakuu, wiki mbili zimepita, nimerudi na majibu. Jana tumetoka Moro kwenda Dar, mama kaambiwa macho yanaendelea vizuri. Tulikaa behewa la kati tena. Uzi na ufunguo nilikuwa nao. Mama alikubali jaribio, ila kwa sharti kwamba nisimcheke.

Kutoka Moro: ufunguo ukainama kuelekea nyuma, mama macho kafumba akasema "tumeondoka." Sawasawa kabisa. Tukatulia 160, ufunguo wima, nikamuuliza, akasema "tumesimama." Sawa na mwalimu alivyosema. Maeneo ya Ngerengere akasema "anafunga breki," nikatazama ufunguo, bado uko wima! Sekunde chache baadaye ndiyo ukaanza kuinama mbele. Mama aliuwahi ufunguo.

Halafu ikaja hii. Tuko 160, ufunguo wima, simu haijabadilika namba hata moja, mama akasema: "Sasa tunakimbia." Nikamwambia mama, una uhakika? "Nina uhakika. Nasikia." Ikadumu muda mfupi, akasema: "Imeisha." Nikafungua pazia, nyuma yetu kuna daraja.

Baada ya hapo akavua miwani, akakaa dirishani akijaribu kuhesabu nguzo za waya. Alifika kumi na kitu, zikampita. Akaanza upya. Zikampita. Akanigeukia: "Yaani muda wote ule ndivyo tulivyokuwa tunakwenda?" Hakusema tena neno mpaka Pugu.

#37 Fundi_Kokoto

Daraja! Juu ya tuta, kokoto na udongo vinameza sauti. Juu ya daraja la zege sauti inarudi. Kasikia sauti ya reli, na hiyo ni hoja yangu tangu #3.

#38 Mwalimu_wa_Zamu

Mama kumtangulia ufunguo kwenye breki kunanisumbua. Ufunguo wa kushikwa kwa mkono huyumba, labda hukuuona mwanzo wake. Au kasikia mvumo wa umeme ukikatika kabla breki haijashika, kama @Pwani_Asilia alivyosema kuhusu sauti. Hilo la pili likiwa kweli, mimi na vinyweleo vya @Nesi tumeshindwa na sikio la kawaida.

#39 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

Au mifupa. Miguu na mgongo navyo vinasikia mtikiso mdogo. Alisema alizoea treni kwa kiuno.

#40 Mzee_wa_Gulwe

Au anaijua njia. Aliyepita Ngerengere miaka mingi na magunia anajua treni husimama wapi. Reli mpya inafuata bonde lile lile. Mwili una ratiba yake.

#41 Mwana_Mgeta

Mzee nilimuuliza hilo. Kasema: "Ngerengere ninaijua hata nikiwa nimekufa." Kwa hiyo sijui nimweke upande wa nani.

#42 Pwani_Asilia

Mpe salamu zetu bimkubwa. Akija Mombasa tutamtia behewa la kwanza nyuma ya dizeli, asikie mpaka achoke.

#43 Mgeni_wa_Jukwaa

Samahani wakuu, nimesoma uzi wote. Jumamosi nampeleka mama yangu kwa mara ya kwanza, Dar kwenda Moro, yeye macho yake mazima. Nikikata tiketi nichague dirisha la upande gani ili aione milima ya Uluguru?

#44 Mpanda_Boda_Kihonda

Kushoto. Na mkishuka nipigie.